Dirfile, GetData na Kst: tathmini ya zana za kuchambua kwa pamoja data za darubini ya puto

Tathmini hii inahusu zana tatu za programu huria ambazo haziuzwi wala hazitangazwi popote, lakini zimebeba kazi ya majaribio kadhaa makubwa ya astronomia yanayorushwa kwa puto. Ya kwanza ni Dirfile, ambao ni mtindo wa kuhifadhi data. Ya pili ni GetData, maktaba ya kusoma na kuandika data za mtindo huo. Na ya tatu ni Kst, programu ya kuzichora. Nimezitumia zote kwa miaka kadhaa nikiwa mmoja wa wachambuzi katika timu iliyotawanyika kwenye vyuo vya nchi mbalimbali, na ninaziandikia kama mtumiaji tu. Kwamba zinafanya kazi hakuna mwenye shaka. Ninachotaka kukipima ni kama zinaisaidia timu kukubaliana juu ya maana ya namba inazozishika, kwa sababu katika kazi hii mabishano yanayokula muda mwingi huzuka pale watu wawili wanapoviita vitu viwili tofauti kwa jina moja, na kila mmoja akaendelea na hesabu zake kwa miezi bila kujua.

Asiyewahi kushika data za puto anahitaji kwanza kujua zinavyopatikana. Darubini huinuliwa na puto la heliamu hadi kilomita thelathini na ushei kutoka ardhini, juu ya karibu hewa yote ya dunia, hukaa huko siku au wiki kadhaa, kisha hukatwa kutoka kwenye puto na kushuka kwa parachuti. Mawasiliano ya redio wakati wa safari hutosha kwa sehemu ndogo tu ya vipimo. Vipimo kamili huandikwa kwenye diski zilizomo ndani ya chombo chenyewe, na diski hizo hazina budi kufuatwa zilikoanguka. Katika safari iliyoanza Desemba 2006 parachuti ya darubini ya BLAST haikuachana na chombo baada ya kutua Antaktika, na upepo ukakiburura chombo hicho kwa takriban kilomita 200 kabla diski hazijapatikana. Data za SPIDER, darubini nyingine ya puto iliyoruka Januari 2015 kwa siku 16, zilichukuliwa upande wa magharibi wa Antaktika kwa msaada wa British Antarctic Survey, taasisi ya Uingereza ya utafiti wa Antaktika. Mwaka 2023 darubini ya SuperBIT, iliyorushwa kutoka New Zealand na kuizunguka dunia mara tano katika siku 40, ilidondosha juu ya Argentina vyombo viwili vidogo vyenye nakala ya data zake. Vilishuka kilomita 32 huku vikipeperushwa kilomita 61 pembeni, na vyote viwili vikapatikana. Ilikuwa busara, kwa kuwa darubini yenyewe iliharibika ilipotua.

Ninayataja haya kwa sababu yanaeleza kwa nini uchambuzi wa data za puto ni kazi ya kundi na ya muda mrefu. Darubini ya ardhini ikikosea usiku huu, kesho inarudia. Puto halirudii. Kitambuzi kilichopata joto kupita kiasi, jiroskopu iliyoyumba, saa mbili zilizopishana, vyote hivyo vitatafutiwa dawa ndani ya data, na dawa hizo hutolewa na watu wengi wenye ujuzi tofauti, wengi wao wakiwa wanafunzi watakaohitimu na kuondoka kabla kazi haijaisha. SPIDER ilikusanya data kwa siku 16, na makala yake ya kwanza kuhusu polarizesheni (mwelekeo wa mtetemo wa mwanga) inayotafutwa kama alama ya mawimbi ya mvutano ya mwanzo wa ulimwengu ilitoka mwaka 2021. Katika miaka kama sita hivyo, mtu aliyeandika msimbo wa kusafisha data anaweza kuwa ameshaajiriwa kwingine, na aliyebaki anasoma namba asizojua zilizidishwa na nini.

Hapo ndipo Dirfile inapoonyesha thamani yake. Kwa umbo ni folda ya kawaida. Ndani yake kila chaneli, yaani kila kitu kilichopimwa, ina faili lake lenye namba tupu zilizofuatana kutoka mwanzo wa safari hadi mwisho, bila kichwa cha maelezo wala pambo lolote. Pembeni ya mafaili hayo kuna faili moja la maandishi ya kawaida linaloitwa format, ambalo mtu yeyote anaweza kulifungua kwa programu yoyote ya kuandikia. Mistari yake ni mifupi kama hii:

bolo_a01 RAW UINT16 20
joto_ghafi RAW UINT16 1
joto LINCOM joto_ghafi 0.0125 -40.0

Mstari wa kwanza unasema kuwa kuna chaneli iitwayo bolo_a01, iliyohifadhiwa kwa namba kamili za biti 16 zisizo na alama ya hasi, na kwamba katika kila fremu moja ya muda kuna vipimo 20 vya chaneli hiyo. Mstari wa pili unasema joto ghafi hupimwa mara moja tu kwa fremu, jambo la kawaida kwa kuwa joto la sanduku la elektroniki halibadiliki upesi kama ishara ya bolomita (kitambuzi kinachopima mwanga kwa kupata joto) inayopita juu ya nyota. Mstari wa tatu ndio wa kutazama kwa makini. Chaneli iitwayo joto haina faili popote kwenye diski. Ni maelekezo tu: chukua joto_ghafi, zidisha kwa 0.0125, kisha ondoa 40. Kifaa kikisoma 5200, mchambuzi anayeomba joto anapewa 25, na hana haja ya kujua hesabu hiyo ilifanyika wapi. Kuna maelekezo mengine ya aina hiyo. BIT huchomoa biti moja kutoka kwenye namba inayobeba hali za swichi nyingi kwa pamoja, LINTERP husoma jedwali la urekebishaji, MULTIPLY huzidisha chaneli mbili, na PHASE huisogeza chaneli mbele au nyuma kwa idadi ya vipimo unavyoitaja.

Kwa hiyo namba ghafi hazibadilishwi kamwe, na ufafanuzi wa namba hizo unakaa mahali pamoja panaposomeka kwa macho. Uzuri wa mpango huo sikuuelewa sawasawa hadi siku tulipokwaruzana juu ya azimuthi, yaani pembe ya mlalo inayoonyesha darubini imeelekea upande gani.

Timu yetu ilikuwa na wachambuzi watatu waliokuwa wakitengeneza ramani za anga kutoka data zilezile, kila mmoja kwa msimbo wake. Katika ramani ya mmoja wao, kila chanzo chenye umbo la nukta kilionekana kimekuwa viwili vilivyopishana kwa dakika 12 za tao (dakika moja ya tao ni sehemu ya 60 ya digrii), karibu robo tatu ya nusu kipenyo cha mwezi tunavyouona. Aliitambua sababu upesi: darubini ilikuwa ikifagia anga kwenda kulia na kurudi kushoto kwa kasi ya digrii moja kwa sekunde, na saa ya mfumo wa uelekezi ilikuwa imechelewa kwa sehemu ya kumi ya sekunde ikilinganishwa na saa ya vitambuzi, hivyo kila mfagio ulikisogeza chanzo dakika sita upande wake. Akaandika marekebisho ndani ya msimbo wake na ramani ikatengemaa. Wa pili, bila habari hiyo, aliligundua tatizo lilelile na kulirekebisha alipokuwa akinakili data kwenye seva ya pamoja. Wa tatu alichukua nakala hiyo iliyokwisha kurekebishwa, akaazima kutoka kwa wa kwanza sehemu ya msimbo, na akapata vyanzo viwili tena, safari hii vimepishana kinyume. Wiki tatu zilipita tukimtafuta mchawi kwenye kamera ya nyota, ile inayosaidia kujua darubini inaelekea wapi, ambayo haikuwa na kosa lolote.

Suluhisho lilikuwa mstari mmoja. Vipimo vya uelekezi vilikuwa 100 kwa sekunde, kwa hiyo sehemu ya kumi ya sekunde ni vipimo 10:

azimuthi PHASE azimuthi_ghafi 10

Tuliondoa marekebisho yote mengine, tukarudisha namba ghafi zilivyotoka kwenye diski ya chombo, na tukakubaliana kwamba yeyote anayehitaji azimuthi ataomba azimuthi, na anayetaka kuchunguza saa ataomba azimuthi_ghafi. Kuanzia hapo hapakuwa na nafasi ya kurekebisha mara mbili, kwa sababu jina lenyewe lilikwisha kusema urekebishaji umefanyika au la. Programu yoyote ya hesabu ingeweza kusogeza safu ya namba kwa hatua 10, lakini hapa uamuzi wa kusogeza ulitoka kwenye msimbo wa mtu mmoja ukawa mali ya timu nzima, na nikiulizwa sababu moja ya kuichagua Dirfile badala ya mitindo mingine, ni hiyo.

Kipengele kingine kinachostahili sifa ni agizo la /INCLUDE, linaloruhusu faili moja la format kuliita jingine. Mchambuzi anaweza kuwa na folda yake ndogo yenye format fupi inayoita ile kuu, kisha akaongeza chini yake chaneli zake za majaribio: alama za kuonyesha vipimo vilivyogongwa na miale ya kosmiki, urekebishaji mpya wa unyetifu wa vitambuzi, au chochote ambacho bado hakijakubaliwa na wenzake. Anafanya kazi juu ya data zilezile bila kuzinakili na bila kumharibia mtu. Wazo lake likikubaliwa, mistari yake inahamishiwa kwenye format kuu. Likikataliwa, anaifuta, na hakuna anayehangaika kuzisafisha data. Kwa timu ambayo data zake zinajaza diski nyingi, kutonakili pekee ni faida kubwa.

Hata hivyo, Dirfile yenyewe haina kumbukumbu. Haijui nani alibadilisha mstari gani, lini, wala kwa sababu gani. Kuna agizo liitwalo /PROTECT linaloweza kutangaza kuwa data au format haipaswi kuguswa, na GetData huliheshimu, lakini ni onyo tu. Ruhusa za mfumo wa mafaili hazibadiliki, na mwenye programu nyingine ya kuandikia ataandika apendavyo. Kwa sababu format ni maandishi ya kawaida, pengo hili huzibwa vizuri na Git, programu ya kutunza historia ya mabadiliko ya mafaili. Kila badiliko linakuwa na mwandishi, tarehe na maelezo, na kila ramani inaweza kuandikiwa alama ya toleo la format lililotumika kuitengeneza. Ningependekeza timu yoyote isitumie Dirfile bila Git, hata kwa siku moja. Ningependekeza pia kwamba mwenye mamlaka ya kuunganisha mabadiliko kwenye format kuu awe mtu mmoja anayejulikana, na si lazima awe mkuu wa mradi. Kwetu alikuwa mwanafunzi aliyekuwa akivifahamu vifaa kuliko maprofesa wote, na kazi ilikwenda. Mabishano yalihamia kwenye maelezo ya mabadiliko, ambako angalau yaliandikwa na yanaweza kusomwa na atakayekuja baadaye.

Kst ni mtoto wa mazingira hayohayo. Iliandikwa na Barth Netterfield wa Chuo Kikuu cha Toronto, mmoja wa wanasayansi wa BOOMERanG, jaribio lililorushwa tarehe 29 Desemba 1998 karibu na kituo cha McMurdo, likaizunguka Antaktika kwa siku 10 na nusu, na mwezi Aprili 2000 likatoa ushahidi kwamba jiometri ya ulimwengu ni bapa. Chimbuko hilo linaonekana katika tabia ya programu. Kst haidhani kuwa data zimekamilika. Unaweza kuielekeza kwenye Dirfile inayoendelea kuandikwa na kuiomba ionyeshe fremu 500 za mwisho, nayo itaendelea kuzichora kadiri zinavyoingia, hivyo kuratibu safari na kuchambua data baadaye hufanywa kwa dirisha lilelile. Inakokotoa spektra za nguvu (yaani nguvu ya ishara katika kila masafa), inakubali milinganyo, inachora chaneli moja dhidi ya nyingine, na haichoki inapopewa mamilioni ya namba. Ukiiambatanishia chaneli maelezo ya vizio ndani ya format, Kst huyasoma na kuyaandika kwenye mhimili wa mchoro yenyewe. Jambo hilo huonekana dogo, mpaka utakapokaa kikaoni ukimtazama mtu akitetea mchoro ambao mhimili wake hauna vizio.

Ninachokipenda zaidi katika Kst ni kwamba inawafanya watu wazitazame data. Mchambuzi wa siku hizi huandika msimbo wa kusafisha, huuendesha juu ya vitambuzi vyote usiku, na asubuhi hutazama ramani. Katikati hapo hakuna aliyezitazama namba zenyewe. Nimeona matatizo yaliyokaa miezi ndani ya msimbo yakigunduliwa ndani ya dakika moja na mtu aliyefungua Kst na kupitisha macho kwenye vitambuzi vinane kwa pamoja: mruko mdogo wa ishara kila redio ya chombo ilipowashwa, wimbi dogo linalofuata kuyumba kwa jukwaa, kitambuzi kimoja kinachojibu kwa kuchelewa. Jicho la binadamu bado ni kifaa kizuri cha kutafuta kasoro usizozitarajia, mradi liletewe data upesi, na Kst huzileta upesi. Upungufu wake ni kwamba michoro yake si ya kuchapisha kwenye makala, na kushirikiana kupitia Kst yenyewe ni kugumu kidogo. Unaweza kuhifadhi kikao na kumtumia mwenzako, lakini kama njia ya folda yake ya data ni tofauti na yako atatumia dakika kadhaa kurekebisha kabla hajaona unachokiona.

GetData, iliyotunzwa kwa miaka mingi na D. V. Wiebe, ndiyo inayounganisha yote. Msingi wake ni lugha ya C, lakini ina milango ya C++, Fortran, Python, Perl, PHP, MATLAB na IDL. Orodha hiyo ni ndefu kuliko mahitaji ya mtu mmoja, na ndiyo maana inaifaa timu. Katika timu moja ya puto utamkuta profesa aliyeandika msimbo wake kwa IDL na asiyekusudia kuuacha, mhandisi anayeandika kwa C ndani ya kompyuta ya chombo, na wanafunzi ambao hawajui lugha nyingine isipokuwa Python. Wote watatu wakiomba joto, wote wanapata 25. Tofauti za lugha zinabaki kuwa mambo ya ladha, hazigusi matokeo. Zaidi ya hayo, maktaba inajua kusoma mafaili yaliyobanwa kwa njia mbalimbali bila mchambuzi kubadilisha msimbo wake, kwa hiyo mtunza data anaweza kubana data za zamani ili kuokoa nafasi na wengine wasigundue.

Kuna mtego mmoja ambao mgeni anapaswa kuonywa mapema. Unapounda chaneli kutokana na chaneli mbili zenye kasi tofauti za upimaji, matokeo huchukua kasi ya chaneli uliyoitaja kwanza. Ukizidisha bolomita yenye vipimo 20 kwa fremu na joto lenye kipimo kimoja, mpangilio wa majina kwenye mstari unaamua kama utapata vipimo 20 au kimoja, na hakuna kengele itakayolia. Kanuni hiyo imeandikwa wazi katika maelezo ya maktaba, lakini ni wachache wanaoyasoma kabla ya kuumia.

Udhaifu mkubwa wa Dirfile hujitokeza pale idadi ya vitambuzi inapokua. Mtindo huu ni mwepesi kwa jaribio kama BOOMERanG, lililokuwa na bolomita 16. BLAST ilikuwa na zaidi ya 250. SPIDER katika safari yake ya kwanza ilibeba zaidi ya 2000, na ukiongeza chaneli za uelekezi, joto na hali ya vifaa, folda moja inakuwa na maelfu ya mafaili. Diski ya kompyuta binafsi huvumilia hali hiyo. Mfumo wa mafaili wa kompyuta kuu, ambako mamia ya michakato hufungua mafaili hayo kwa wakati mmoja, haufurahii hata kidogo, na wasimamizi wake watakuandikia barua pepe. Kunakili maelfu ya mafaili kupitia mtandao nako ni polepole kuliko kunakili faili moja la ukubwa uleule. Wanaochagua HDF5, mtindo mwingine wa kuhifadhi data, kwa sababu hii wana hoja, kwa kuwa HDF5 huweka kila kitu ndani ya faili moja lenye mpangilio wake wa ndani, na huhimili safu kubwa za namba vizuri.

Lakini HDF5 ina bei yake, na kwa puto bei hiyo si ndogo. Kompyuta ikizimika ghafla wakati faili la HDF5 limefunguliwa kwa kuandikwa, faili zima linaweza kukataa kufunguka. Kompyuta iliyo angani ikizimika wakati inaandika Dirfile, unapoteza vipimo vichache vya mwisho, basi, kwa kuwa kila faili ni mfululizo wa namba tu. Pia tofauti kati ya matoleo mawili ya faili la HDF5 hazionekani kwa macho wala Git haiwezi kukueleza kilichobadilika ndani yake, wakati mstari mmoja wa format uliobadilishwa huonekana mara moja. FITS, mtindo wa kawaida wa astronomia, naiheshimu kwa picha na ramani, lakini kwa mfululizo wa vipimo vya kasi tofauti vinavyoendelea kuingia sikuwahi kuiona ikikaa vizuri. Tulichofanya sisi ni kuweka Dirfile kama chanzo cha kweli, na kutengeneza kutoka kwake nakala za HDF5 kwa ajili ya kompyuta kuu pekee, nakala ambazo ziliweza kufutwa na kutengenezwa upya wakati wowote. Mpango huo haukutupatia umaridadi, ila hatukupoteza kitu.

Liko swali ambalo zana hizi haziwezi kulijibu, nalo ni wapi ushirikiano uishie. Timu ikishirikiana kila kitu, kosa moja linakuwa kosa la wote na hakuna atakayeligundua. SPIDER ilikadiria spektra zake kwa njia mbili zilizoandikwa tofauti, XFaster na nyingine iitwayo NSI, kisha ikalinganisha majibu. BOOMERanG ilifagia anga kwa kasi mbili, digrii moja na digrii mbili kwa sekunde, na kutoa ramani ya kasi moja kutoka kwenye ramani ya kasi nyingine kulikuwa kipimo kizuri cha uaminifu: ishara ya kweli ya anga hujifuta, na kinachobaki ni kasoro za chombo. Kwa uzoefu wangu, ufafanuzi wa data ushirikishwe kikamilifu na msimbo wa kutengeneza ramani usishirikishwe kabisa hadi majibu ya kwanza yalinganishwe. Dirfile inaurahisisha utengano huo kwa sababu mpaka uko wazi: yote yaliyo ndani ya format ni ya wote, na yote yaliyo nje yake ni ya mchambuzi. Maktaba inayokuja na njia yake ya kutengeneza ramani ingetushawishi kuitumia sote, na tungepoteza mwenza wa kulinganisha naye.

Mpaka huohuo, hata hivyo, unaacha nje sehemu ya pili ya kazi. Ramani ikishatengenezwa haimo tena katika Dirfile. Huwa faili la FITS lenye piseli za HEALPix, mfumo wa kuligawa anga katika piseli zenye eneo sawa, na kwa Nside (kipimo cha udogo wa piseli) ya 512 anga lote lina piseli 3,145,728, ambazo zinaweza kupangwa kwa mtindo wa pete au wa viota, katika viwianishi vya galaksi au vya ikweta. Makosa ya mpangilio na viwianishi huonekana upesi kwa sababu picha huvurugika. Kosa baya ni la polarizesheni. HEALPix kwa desturi hufuata kanuni moja ya kupima pembe ya polarizesheni, na Umoja wa Kimataifa wa Astronomia una kanuni nyingine. Tofauti yake ni alama ya kujumlisha au kutoa mbele ya kipimo kiitwacho U. Ramani mbili zenye kanuni tofauti hufanana kwa macho, kila moja ikitazamwa peke yake haina dosari, na ukizijumlisha zinafutana nusu nusu bila kukuonya. Kichwa cha faili la FITS kina nafasi ya kuitaja kanuni hiyo, lakini hakuna kinachomlazimisha mtu kuijaza, na nimeshika ramani nyingi ambazo nafasi hiyo ilikuwa tupu.

Kwa vipimo vinavyofuatana kwa muda, basi, ningeichukua Dirfile tena kesho, pamoja na GetData na Kst, na ningeanza kuandika format siku kitambuzi cha kwanza kinapowashwa maabara, ili majina yawe yamezoeleka kabla puto halijajazwa. Ningeendesha pia checkdirfile, programu ndogo inayokuja na GetData, kila mara kabla ya kukubali badiliko, kwa kuwa huonyesha mstari wenye kosa mara moja. Kwa ramani, sisi tuliishia kuandika alama ya U ndani ya jina la faili lenyewe, na mpaka leo sijapata zana inayonifanya niache mazoea hayo.